Herufi K Kwenye Chupa

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1965, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1984, akasomea ufundi wa maabara miaka mitatu, na tarehe 4 Januari 1988 akaajiriwa katika maabara ya ubongo, chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Tarehe 14 Desemba 1991 alimuoa Mama, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya maji ya chumvi yanayoviweka hai vipande vya ubongo wa panya, na mezani alikuwa akituambia kwamba umeme ukifika mwisho wa neva bila kalsiamu ni sawa na mgeni aliyebisha hodi akakosa wa kumfungulia, kwa sababu kalsiamu ndiyo inayoingia pale na kuvifanya vifuko vidogo vimwage ujumbe kwa seli ya jirani, ikipungua ujumbe hufifia, ikizidi humwagika kupita kiasi. Wenzake walimwita Bwana Kipimo, na Mama alimtania kuwa hata sukari ya chai aliitilia mizani.

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka huu wa 2023. Tarehe 3 Machi, akiwahi kliniki, aliandika K tu kwenye chupa ya kalsiamu, na mwenzake aliyempokea zamu akaisoma kama potasiamu, kama ambavyo mwanasayansi yeyote angeisoma, maana katika kemia K ni alama ya potasiamu, wakaitumia mahali pa potasiamu hadi Juni. Baba aligundua akiwa kitandani, akipitia daftari lake, wakati ripoti isemayo kwamba dawa mpya waliyokuwa wakiijaribu huongeza ujumbe ilikuwa imekwishaandikwa. "Pengine si dawa," aliniambia, "pengine ni kalsiamu yangu iliyozidi. Mwambie Mkuu wa maabara, mwanangu, kabla hawajachapisha."

Nilihofia jina la Baba litachafuka, sikumwambia Mkuu. Jumanne, tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, aliniuliza kama nimeshamwambia, nikamjibu ndiyo, na baada ya nusu saa akafariki. Nilimdanganya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na ninyi wafanyakazi wenzake. Mkuu wa maabara, uliyekaa hapo mstari wa mbele, ripoti inachapishwa kesho, nakuomba uisimamishe, daftari hili hapa.

Pumzika sasa, Baba, nimeshamwambia.