Waruguru na Muthiga Wake

Wapendwa waombolezaji, marehemu Sally Waruguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 mtaani Shauri Moyo, kifungua mimba wa Mzee Ndirangu, mchinjaji wa Soko la Burma, na mkewe aliyetangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, akaenda sekondari Murang'a, akahitimu sayansi ya maabara mwaka 2004, akaajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa mimea, alikofanya kazi hadi alipougua.

Kazi yake ilikuwa miti isiyopukutisha majani, hasa muthiga, ule wenye gome linalowasha ulimi kama pilipili. Alikamua gome, akatia maji yake kwenye sahani zilizooteshwa bakteria, wakafa. Akachanganya majani na mafuta ya ng'ombe aliyoomba buchani kwa babake, yakakaa miezi bila kuchacha. Mzee alijigamba Burma nzima, mteja atake asitake, naye Waruguru akawa anamtuliza, akimwambia sahani si mwanadamu.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Wachira, wakahamia Buruburu, wakajaliwa Tiffany mwaka 2011, na mwaka huo huo akapanda muthiga mlangoni, akatufunza sote kubandua gome upande mmoja tu, maana mti ukibanduliwa kuzunguka hukauka.

Aprili mwaka huu wa 2025 alipasuliwa tumbo, bakteria wakaingia damuni, na kila dawa ikagonga mwamba. Jamani, Mzee alichanganyikiwa. Alichukua kisu cha bucha, akaubandua muthiga kuzunguka, akachemsha sufuria tele, akampelekea wodini. Waruguru aliuliza gome limetoka wapi, akaambiwa, akajua mti umekwenda. Wachira, aliyeketi kando yake, alimwona akinywa kikombe kizima, yeye aliyewakataza watu miaka yote kunywa gome badala ya dawa za hospitali.

"Inawasha vizuri, Baba," akasema. "Sasa uumwagilie maji kila asubuhi."

Alituacha tarehe 3 Juni 2025, na tumevunjika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani wa Buruburu, wafanyakazi wenzake, na wachinjaji wa Burma waliofunga bucha wakaja kukaa na mwenzao.

Muthiga umeanza kupukutisha majani. Mzee amekwisha kuambiwa hautapona, na leo asubuhi, akiwa amevaa suti yake ya kuja hapa, alibeba ndoo akatoka nje.

Lala kwa amani, Waruguru. Mti umemwagiliwa.