Shahada ya Masafa Yafika Mabawa

Mgeni rasmi, Mhandisi Ritha Tadeo, mratibu wa masomo chuoni. Mafundi wenzetu, nanyi majirani mlioitwa na harufu ya pilau:

Wallahi, yote tunayoyasoma hapa ni kweli tupu, ingawa msomaji ni mimi, Uweso Mwinyijuma, fundi mstaafu.

KARIBU
Tunashukuru umekuja mwenyewe. Umeshuka kwenye bajaji, ukakanyaga grisi yetu bila kukunja uso.

HISTORIA
Tulianza mafundi wanne na jeki moja. Uhandisi tulisomeshwa na mashine zenyewe. Mimi niliwahi kutambua ugonjwa wa lori lililokwama Muheza, nami nimekaa Ngamiani, hapa mjini Tanga, kwa kusikiliza upepo tu. Dereva ni shahidi. Bahati mbaya amehamia Msumbiji.

MAFANIKIO
Binti yetu Najat Sele, mwenye stashahada ya mitambo, anatunza mashine za kiwanda cha mafuta ya nazi hapa jirani. Kwa msaada wako ameanza shahada, na kazi anayo. Asante sana.

CHANGAMOTO
Haikuwa rahisi. Wadogo zake wanasoma kwa mshahara wake. Achague nini: aache kazi akasome Dar es Salaam, au asome kwa masafa? Akaja kutuuliza.

"Shikamoo. Masafa ndiyo yapi?"

"Marahaba, mwanangu. Masafa si ya redio hayo? Usomee mitambo, utoke na antena?"

Najat akaamini, akamuaga bosi wake aende Dar. Mwisho wa mwezi aondoke. Ndipo akakupigia kuulizia bweni, ukacheka: "Masafa ni umbali, mdogo wangu. Wewe unabaki Tanga, masomo yanakufuata."

Bosi akamrudisha, alhamdulillahi. Aliyempotosha ni mzee mmoja, jina limetutoka.

MAOMBI
Mazoezi ya vitendo bado anayafuata Dar, na ruhusa kazini zimekwisha. Akikosa, mwaka umepotea. Ulisema mwalimu atakuja Tanga kila Jumamosi endapo tutapata mashine ya kukerezea vyuma. Tunaomba asichelewe.

NYONGEZA KWA AMRI YA KIKAO
Wenzangu wamekataa risala isomwe bila kifungu hiki. Jina la yule mzee limepatikana: ni Uweso Mwinyijuma. Nilijitetea kuwa nilikuwa natania. Mwenyekiti wetu, Mama Kristina, akasema, "Utani wako ulishafika kwa bosi, mzee. Lipa!"

Faini ni mashine yangu ya kukerezea, ambayo hata mke wangu haruhusiwi kuifuta vumbi. Ni ya wanafunzi wako sasa. Ufunguo wa banda ilimo anao Najat tangu asubuhi.

Mola akupe afya, akurudishe salama, na akulinde na washauri kama mimi.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Mitambo, Mabawa, Tanga.