Aliyetajwa Hutoka: Fanuel Mwasaru wa Godauni la Mkonge

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Kama kuna jirani anapita hapo nje, mwiteni aingie. Mtu tunayemkumbuka leo hakupenda nyumba yenye watu wachache.

Jina lake Fanuel Mwasaru. Kuli wa Voi. Alipakia mkonge kwenye mabehewa ya treni tangu miaka ya sitini mpaka magoti yalipomgomea. Ametuacha juma lililopita, usingizini, nyumbani kwake Mwakingali. Kuli tu, wasikilizaji. Lakini mazishi yake, hata viti vya kanisa viliazimwa na bado watu wakasimama.

Kwao ni Mgange, juu milimani, kule ukiamka asubuhi unaiona pumzi yako. Akashuka Voi kijana, akaandikwa kazi godauni. Mabati juu, mabati ubavuni, dirisha hakuna. Mchana hata mjusi hapandi ukuta ule. Na robota la mkonge si mzigo wa mtu mmoja. Wanaume wanne walibingirisha, wakasukuma, wakainua mpaka ndani ya behewa.

Juma lake la kwanza, Fanuel alizimia. Ndiyo, yeye mwenyewe.

Mkewe, Mama Wakio, ametusimulia. "Maji yalikuwa pale mlangoni, anayaona! Lakini nani awe wa kwanza kuacha mzigo? Walikuwa wakimngoja mtu wa milimani alegee, wamcheke. Basi akakaza shingo mpaka akaanguka."

Wasikilizaji, hapo ndipo penye ugonjwa. Jua la Voi ni kali, sikatai. Lakini haya ya mwanaume ni kali kulishinda.

Fanuel alipopata nafuu hakutafuta kazi nyingine. Akatafuta dawa. Kwao Mgange watu wakilima pamoja, wimbo ndio unaoongoza majembe. Akauleta wimbo godauni, ila akautia udaku. Na udaku, mnanijua, mimi siupiti!

Ilikuwa hivi. Fanuel anaimba, wenzake wanaitikia, robota linakwenda kwa mwendo wa wimbo, si kwa mwendo wa mwenye kifua. Na macho yake hayatulii. Anatazama nyuso. Akimwona mtu jasho limemkauka ghafla, au mguu unakosea njia, anajua jua limemshika, anamtaja:

"Maundu we, Maundu! Jumamosi ulikuwa wapi?
Kwa Penina, kwa Penina, viatu mkononi!"

Godauni zima kicheko. Na sheria ilikuwa moja: aliyetajwa hutoka. Anaacha mzigo, anakwenda kwenye pipa la Penina, binti aliyewatilia makuli maji, pale kivulini, anakunywa kata nzima ya maji yenye ndimu na chumvi kidogo, ndipo anajibu.

"Nilivua viatu kwa sababu vilikuwa vipya!" Maundu anapiga kelele kutoka kwenye pipa.

"Muongo!" Penina anamjibu. "Vilikuwa vya kaka yako!"

Mnaona ujanja huo? Maundu hakutoka kwa sababu amechoka. Alitoka kwa sababu ametajwa. Heshima yake iko palepale, na maji yako tumboni. Watu wa sokoni walikuwa wakija kusimama nje ya mabati wasikie nani katajwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeanguka tena katika godauni lile. Narudia. Hakuna aliyeanguka.

Basi mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kiangazi, akaletwa msimamizi mpya, Bwana Stephen Kituku. Kijana safi, tai shingoni kutwa. Akasikia nyimbo, akasikia kicheko, akakunja uso.

"Hapa ni kazini, si harusini," akasema. "Nikisikia wimbo tena, aliyeuanzisha aende kwao."

Kukawa kimya. Kila kikosi na robota lake, kila mtu na kifua chake. Wenye nguvu wakakimbia, wanyonge wakajikokota nyuma yao. Pipa la Penina likashinda limejaa mpaka jioni. Nani angekwenda wa kwanza?

Haikuchukua siku nyingi. Maundu akaacha kutoka jasho. Fanuel akaliona jambo hilo, akafungua kinywa, akakumbuka watoto wake, akakifunga. Robota halijafika mlangoni, Maundu akawa chini, macho meupe.

Walimmwagia maji, wakampepea kwa magunia, wakampeleka hospitali. Akapona. Lakini Fanuel alirudi nyumbani hakula. Mama Wakio anakumbuka: "Aliniambia, 'Nilimwona, mke wangu. Nilimwona nikanyamaza.' Nikamwambia, 'Kesho usinyamaze. Njaa tumeshawahi kuiona. Kaburi la Maundu hatutaki kuliona.'"

Asubuhi yake Fanuel akasimama mbele ya msimamizi.

"Bwana Kituku, leo nitaimba."

"Na treni ya mizigo inayokuja leo, itapakiwa na wimbo?"

"Ndiyo. Treni ikija ikute behewa moja liko wazi, mimi sirudi hapa. Ikikuta yote yamefungwa, pipa la Penina linaingia ndani ya godauni na wimbo haukatazwi tena."

Kituku akacheka. "Mzee, umejifukuza mwenyewe." Akavuta kiti, akakiweka humo humo ndani ya mabati, ahakikishe hakuna hila.

Fanuel akaanza, polepole. Polepole mno! Wengine wakaogopa, wakataka kuharakisha. Hakuwaruhusu. Akataja mmoja, akatoka, akanywa, akarudi. Akataja mwingine. Jua likapanda utosini, mabati yakalia, na mwendo ukawa uleule wa asubuhi. Hakuna aliyelegea. Behewa likafungwa, likafuata lingine. Nje, soko lilikuwa limehama lote. Hata kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa.

Yakiwa yamebaki marobota machache, jicho la Fanuel likatua kwenye kiti. Bwana Kituku ametulia sana. Shati limekauka. Kope nzito.

Fanuel angeweza kumwacha. Nani angemlaumu? Lakini sauti ikapanda:

"Kituku we, Kituku! Tai yako unamvalia nani?
Penina ana mwenyewe, ifungue shingo!"

Msimamizi akainuka, akayumba, akashika mlango. Kisha, wasikilizaji wapendwa, akatoka. Aliyetajwa hutoka! Akanywa kata moja, akanywa ya pili, akavua tai, akageuka.

"Mama yangu ndiye aliyeninunulia!" akajibu.

Kicheko kile, wanasema, kilisikika mpaka stesheni. Dereva wa treni alipopiga honi akiingia Voi, behewa la mwisho lilikuwa limefungwa na makuli wamekaa kando ya reli wakila miwa. Jioni ile Kituku mwenyewe alisaidia kuliingiza pipa. Na Maundu alipotoka hospitali, Penina alimwoa. Ama yeye alimwoa Penina. Mji bado unabishana.

Wazee wa Mgange walitaka mwili wa Fanuel urudishwe kwenye baridi ya milimani. Mama Wakio akakataa. "Jua hili alilishinda. Mlazeni alikolishindia."

Basi Ijumaa vijana walichimba kaburi, ardhi ngumu, jua kali, kila mmoja akijifanya chuma. Maundu, mzee sasa, akaja na fimbo yake, akaanza kuimba. Akawataja mmoja mmoja. Wakatoka, wakanywa, wakajibu, msiba ukacheka.

Kwako Mama Wakio, kwenu watoto na wajukuu, na kwa makuli wote wa Voi, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Aliye kando yako kazini, kwenye jua, anayekaza shingo asichekwe: umemtazama uso leo? Usingoje aombe maji. Mtaje.

Kaburi lilipokamilika, Maundu alitazama chini, akasema hajawahi kumtaja mwimbishaji, maana ndiye aliyewataja wengine. Kisha akaimba mara moja tu:

"Fanuel we, Fanuel! Mzigo umefika.
Weka chini, ndugu yangu, toka ukanywe."