Miguu ya Kitinda, Mpiga Ngoma wa Tanuri

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala na mama mfua nguo. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mjini walimwita Radi. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, hajawahi kulitamka jina hilo la pili mpaka leo, na sasa ameshalitamka mara moja, inatosha. Ijulikane mapema pia kwamba kuna ubishi juu ya mstari mmoja hapa, ule wa walioachwa. Wenzake watatu wa bendi ya Tanuri waliomba waandikwe kama ndugu. Dada akawauliza, "Ndugu wa tumbo gani?" Akapeleka kwa mchapaji neno "marafiki".

Dada alimzidi miaka kumi na moja, na mama alipokuwa kazini ndiye aliyemlea, chini ya cherehani ya kukanyaga. Kitinda alikuwa anaweka vijiguu vyake kando ya miguu ya dada. Alipofika miaka sita alikanyaga peke yake, dada akabaki kuongoza kitambaa tu. Mapazia ya nusu ya mtaa yalishonwa kwa miguu ya mtoto yule. Dada anaomba jambo hilo likumbukwe, kwa sababu halijapata kusemwa redioni.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1970 hadi 1976, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Ripoti zake zote ziliandika kwamba ana akili ila anagonga dawati. Mwaka 1982 aliajiriwa kwenye karakana ya kuchomelea mageti, na huko akakutana na hao watatu: mwimbaji, mpiga gitaa na mpiga besi. Tarehe 4 Agosti 1984 wakaanzisha Tanuri. Walipiga muziki wa metali, magitaa ya umeme yananguruma, mwimbaji ananguruma kuyazidi, na Kitinda nyuma na ngoma kubwa mbili, moja kwa kila mguu. Jioni ya kwanza jirani alibisha hodi kuuliza nani anapigwa.

Walidumu karibu miaka thelathini na tisa na albamu kumi na nne, bila kubadilisha mtu hata mmoja. Bendi nyingi huvunjwa na wivu. Wivu wa Tanuri ulikaa nje, kwa dada. Zipo bendi zaidi ya thelathini leo zilizoanza kwa kuwaiga, moja ya wasichana peke yao, na wapiga ngoma wa bendi zote hizo hujifunza kwanza ile miguu. Mwaka 1998 mtangazaji alimuuliza nani alimfundisha. Kitinda akajibu, "Mpiga besi wetu." Loo! Dada alikuwa anashona, redio iko mezani. Aliizima, na kwa miezi miwili hakupokea simu ya mdogo wake. Aliona wivu siku ile na ameuona tangu hapo, na mbele ya kaburi hana sababu ya kuficha.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Bibi harusi alimwambia dada siku ileile, "Wifi, mimi nimejua naolewa mke wa pili, wa kwanza ni Tanuri. Wewe bado hujajua?"

Tarehe 2 Mei 2023 alipatwa na kiharusi. Hakusema wala kufumbua macho. Siku kumi na moja dada alikaa kando ya kitanda akimwita, "Kitinda, mdogo wangu, ni mimi," na hakuna kilichojibu. Siku ya kumi na mbili alikuja mpiga besi, akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake, polepole. Chini ya shuka mguu mmoja ukatikisika, kisha wa pili.

"Toka," dada alimwambia.

"Lakini Dada, umeona—"

"Nimeona. Toka."

Alitoka kwa adabu. Dada akachukua mkasi wake, akagonga chuma kilekile kwa mwendo wa cherehani, kama alivyoukumbuka. Miguu haikutikisika. Aligonga tena na tena. Akafungua mlango akamkuta mpiga besi kwenye benchi la koridoni, hakuwa ameondoka.

"Njoo umgongee," alisema. "Mimi hanijibu."

Mpiga besi hakucheka wala hakujisifu. "Basi wewe mshike miguu, Dada. Mimi nitagonga."

Wakafanya hivyo kila mchana. Tarehe 27 Mei, saa nane na robo, dada akiwa ameishika miguu ile kwa mikono miwili, ilitulia. Mpiga besi aliendelea kugonga kidogo, kwa kuwa yeye hakuwa amejua bado.

Ameacha mjane, mabinti wawili na dada mmoja. Kwenye programu mlizoshika, mstari unaofuata unasema "marafiki watatu". Mwenye kalamu afute aandike "ndugu". Asiye nayo aazime kwa jirani yake. Dada atasubiri.

Miguu yake ipumzike kwa amani.