Shule Aliyoikuta Naftaly Ulaya

Jumapili baada ya ibada, benchi langu la kahawa pale Bondeni, Nakuru, halikosi watu wawili. Mmoja ni Ogola, tunamwita Firimbi kwa sababu ya kazi yake stesheni ya reli. Wa pili ni Mburu, jina lake la benchi ni Pasi, dobi anayenyoosha suti za Wazungu asizoweza kuzivaa. Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na sita akaja wa tatu, Naftaly, mpishi wa shamba moja kule Dundori. Memsahib wake, bibi Mzungu mwenye shamba, alikuwa amemchukua Ulaya miezi minne awapikie yeye na jamaa zake. Tulitegemea habari za theluji. Alikaa, akavua kofia, uso kama wa mtu aliyetoka kugombana.

— Tuambie Ulaya, bwana, Mburu akaanza. Nyumba zao ziko namna gani?

— Nyumba mtaambiwa na mwingine. Mimi nitawaambia shule.

— Shule ina nini?

— Siku moja memsahib alisema nioke keki trei mbili. Tukaenda mtaa wa watu wa bandarini. Shule yenyewe iko chini ya kanisa, watoto kama sitini. Wazungu, lakini viatu vimetoboka, vidole viko nje. Mmoja alikula keki pamoja na karatasi yake.

— Mzungu? Ogola akauliza. Wacha mchezo.

— Mzungu, na kamasi puani.

Mburu alicheka. Naftaly hakucheka.

— Baba zao wanabeba mizigo ya meli, wengine hawana kazi. Majirani ndio walianzisha hiyo shule. Mama mmoja anapika uji, seremala anafundisha hesabu. Memsahib anawapelekea vitabu na blanketi kila akienda kwao. Anawajua kwa majina. Mtoto akilia anamfuta machozi na leso yake mwenyewe.

— Memsahib huyu huyu? Mburu akasema. Si ndiye aliyeweka ndama ndani ya shule ya shamba?

Ni yeye. Habari hiyo hapa Bondeni tuliijua wote. Shule ile wafanyakazi waliijenga wenyewe kwa matope na mabati ya kuokota. Hali ya hatari ilipotangazwa, askari walikuja na lori mchana, wakamchukua mwalimu Peterson, Mwafrika mwenzetu, darasani, chaki bado mkononi. Wiki iliyofuata madawati yalitolewa nje, ndama wakaingizwa. Wangeci, binti yake Naftaly, alikuwa darasa la pili. Sasa anavuna maua ya pareto shambani.

— Sijamaliza, Naftaly akasema. Mwalimu wao akaniita mbele nisimame. Kisichana kimoja, miaka tisa hivi, kikainua mkono. Kikaniuliza watoto wangu wanasoma wapi.

— Ukakiambia nini?

— Memsahib alijibu mbele yangu. Alisema tuko na shule nzuri sana shambani, yeye ndiye aliijenga. Watoto wote wakapiga makofi.

— Na wewe?

— Nilitabasamu.

Alilisema neno hilo kama anatema kitu kichungu. Nilimjazia kikombe, hakukiangalia.

— Mimi hii kitu naielewa, Ogola akasema. Hao wako na biashara. Huko anaonyesha picha zetu, watu wanatoa sadaka. Huku anaonyesha picha za hao watoto, Wazungu wa Nakuru wanatoa sadaka. Kila mahali yeye ndiye mama mzuri.

— Hapana, Firimbi, wewe unaona karibu, Mburu akamkata. Hao watoto wanalishwa kwa sababu yetu. Unafikiri hii mashamba yote itakaliwa na nani hawa wazee wakifa? Hicho kisichana, baada ya miaka kumi tu, kitashuka stesheni yako na sanduku. Wewe utakibebea. Mimi nitakifulia nguo. Na Naftaly atakiita memsahib.

— Na Wangeci atakichotea maji, Naftaly akasema polepole.

— Basi hiyo si shule, ni karakana ya kutengeneza mamemsahib, Ogola akasema. Na huku wanafunga zetu ili mabwana wakifika wasikose watumishi. Wamehesabu kabisa. Mtoto mmoja akifunguliwa shule huko, kumi wanafungiwa huku.

— Afadhali ile shule yao ianguke, Mburu akasema.

— Usiseme hivyo. Naftaly alipiga benchi kwa ngumi, vikombe vikaruka. Wale watoto hawajanikosea. Yule mdogo aliniuliza vizuri, alitaka kujua. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo maneno, hata hapa nyumbani. Na mimi nikamwacha adanganywe nikiwa nimesimama.

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja amesimama nyuma yetu, gunia la viazi mgongoni. Naftaly alimtambua. Ni Cheptanui, anakamua ng'ombe kwenye shamba lile lile, ana watoto watatu. Hakuketi.

— Nimesikia, alisema. Nataka kuuliza, baba Wangeci. Wewe unajua kusoma?

— Najua. Ningepika vyakula vyao namna gani bila kusoma kitabu cha mapishi?

— Na wewe wa reli?

— Kila tiketi inasomwa na mimi, mama.

— Na huyu?

— Majina ya wenye nguo nayaandika mwenyewe, Mburu akasema.

Akanigeukia na mimi. Nilikubali kwa kichwa. Nilisoma miaka minne kwa wamisheni.

— Wanne, Cheptanui akasema. Mimi sijui hata herufi moja. Watoto wenu mmewafundisha herufi ngapi?

Mburu aliangalia viatu vyake. Ogola alikohoa.

— Mama, wewe hujui mambo ya serikali, Ogola akasema. Kufundisha bila kibali ni kosa. Mtu anafungwa.

— Mtoto wako mwenyewe, ndani ya nyumba yako, na mlango umefungwa? Hiyo pia ni kosa?

Naftaly alikuwa amekunja kofia yake mpaka imepoteza umbo. Nilishika birika nipate la kufanya, lakini lilikuwa tupu. Cheptanui aliteremsha gunia, akaliegemeza ukutani, akasimama pale pale akituangalia mmoja mmoja, akingoja kuona nani kati yetu ataanza kufundisha.