Aliyechimba Lambo

Kijiwe chetu hapa Kharumwa ni benchi moja la mbao mbele ya karasha la Agapiti, pale anaposaga mawe ya dhahabu, pamoja na birika la Thobias muuza kahawa. Siku hiyo nilifika na karatasi tatu mkononi. Nina miaka arobaini na mbili, niliishia darasa la saba, na sasa nasoma jioni na watu wazima wenzangu ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu Rhoda alitutuma tuandike historia ya kitu kimoja cha mtaani kwetu, na akaturuhusu kutumia akili mnemba. Ambaye kazi yake haikubaliki, jina lake haliendi kwenye mtihani. Mimi niliandika habari za lambo letu, bwawa la maji lililo hapo bondeni mbele ya barabara. Jamaa wananiita Katekista kwa kuwa naongoza sala za jumuiya, basi waliponiona nimesimama na karatasi wakanyamaza kama wako misani.

— "Watu mia tatu walichimba lambo hili," nikamalizia kusoma, "wakiongozwa na Jilala, aliyekataa kula mpaka maji yaonekane."

— Katekista! — Thobias akaacha kumimina. — Hayo umeyatoa wapi?

— Kwenye simu. Dakika moja tu.

— Simu imemjuaje Jilala?

— Ni kama ile mashine ya kutafutia dhahabu, — Agapiti akasema. — Unapita nayo juu, inalia, kumbe kitu kiko chini futi sita. Hii nayo inanusa mambo ya zamani ardhini.

— Wewe Agapiti, acha uongo! — Wilbard wa bodaboda akamkata. — Mapadri wa kwanza waliandika kila kitu, hata mbuzi aliyekufa. Madaftari yakaenda Ulaya. Sasa wameilisha mashine.

— Basi na babu yangu yumo, — Thobias akasema. — Ndiye aliyempigia Jilala ngoma watu wakichimba.

— Babu yako si alihamia kutoka Bukombe, akalikuta lambo? — Wilbard akamuuliza.

— Alikuja kupiga ngoma, akarudi, ndipo akahamia.

— Mimi nimeambiwa Jilala alikuwa na jembe la kilo arobaini, — Agapiti akaongeza. — Akilipiga chini, mpaka Geita inatikisika. Ndiyo maana dhahabu ikapanda juu.

— Nani kakuambia? — Wilbard akauliza.

— Mzee mmoja. Marehemu.

Mimi nilikunywa kahawa yangu. Mungu anisamehe, nilijua jambo wasilolijua wao, lakini sifa zilikuwa tamu.

Mara Mwalimu Rhoda akashuka kwenye baiskeli. Kwa umri ni binti mdogo kwetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

Akazichukua karatasi, akasoma amesimama.

— Nzuri hii. Jumamosi nalileta darasa zima. Jilala amezikwa wapi?

Agapiti akamtazama Wilbard. Wilbard akamtazama Thobias. Kwetu mtu wa maana hakosi kaburi, wala wajukuu wa kulifyekea.

— Thobias, si babu yako alikuwa naye? — Wilbard akasema.

— Usinitie humo.

Nikakiweka kikombe changu benchini.

— Hana kaburi, mwalimu. Simu ilisema haina habari za lambo hili. Nikaiambia, wewe andika tu, weka na shujaa, mpe jina la Kisukuma. Nimekosa.

— Na wewe ndiye unayetusalisha! — Agapiti akasema.

— Na jembe lako la kilo arobaini je? — Wilbard akamuuliza.

Mwalimu hakucheka, wala hakukasirika. Alizigeuza karatasi upande mweupe, akatoa kalamu.

— Jina lako sijalikata. Leta nyingine Jumamosi. Haya, niambieni ninyi mliozaliwa hapa: lilichimbwa na nani?

Nimechota maji humo tangu nina miaka mitano. Wilbard anaoshea pikipiki humo. Agapiti anavuta maji humo ya kuoshea mawe yake. Mwalimu alisubiri, kalamu juu ya karatasi, na sisi wanne tukageuka kuliangalia lambo kama ndiyo kwanza limefika.