Hamira ya Kuendesha Malori

Dereva mstaafu wa malori, mtu asiyejua kunyamaza safarini, alimuuliza binti aliyeketi naye kwenye basi amekumbatia nini.

“Chupa ya hamira, baba. Maabarani kwetu tumeibadilisha vinasaba ili igeuze sukari kuwa mafuta. Siku moja yataendesha malori.”

“Hamira ni ya mikate, mwanangu! Marehemu mke wangu aliumua unga maisha yake yote, hakupata hata tone la dizeli.”

Binti alicheka, kisha akaitazama chupa. “Hamira ya chupa nyingine zote imekufa. Imebaki hii.”

Upepo wa mvua ulikuwa ukipenya dirishani. Mzee akavua koti, akaifunika nalo ile chupa. “Haitaki baridi. Mke wangu alikuwa akiufunika unga kwa koti langu, nami nikimgombeza.”

“Kwa hiyo umeniamini, baba?”

“Hata chembe!”

Basi likasimama. Mzee akashuka mvuani na shati tu.